Masikio ya Bwana Ormerod

Wiki tatu gari lililia,
nami wiki tatu niliongeza sauti ya redio.

Lililia kila nilipogusa breki
kwenye mteremko wa Whitworth Road,
kilio chembamba, chuma kwa chuma,
kama kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria.
Nikasema: ni baridi. Nikasema: ni chumvi ya barabarani.
Nikasema: mshahara ukiingia.

Na ni mimi ninayewaambia wazee wa Rochdale,
nyumba kwa nyumba, tangu alfajiri,
"Kifua kikibana, usingoje Jumatatu."
Mimi, Mwanakheri, mpimaji wa presha za wengine.

Bwana Ormerod hajashuka ngazi tangu Machi.
Miaka thelathini na minne alilala chini ya mabasi ya mji huu;
sasa analala chali kwenye godoro la upepo,
dirisha limeachwa ufa wa kidole,
anasikiliza.

Siku hiyo sijavua hata glavu.
"Keri," akasema
(jina langu amelikata, nimemwachia),
"pedi zako za mbele zimekwisha. Kushoto zaidi.
Jumanne ilikuwa mluzi.
Leo ni msumeno."

Nikamwosha mgongo, naye akanifundisha.
Taa ya manjano kwenye dashibodi inaomba miadi.
Nyekundu haiombi: weka gari kando, zima.
Rejeta usiifungue injini ikiwa moto,
na akapandisha mkono wa pajama nione kovu,
laini, linang'aa, la mwaka aliooa.
Oili ipime gari likiwa limepoa, mahali tambarare;
chomoa kijiti, kifute, chovya tena,
"maana mara ya kwanza kinadanganya."
Sarafu ya peni ishirini ichomeke kwenye mfereji wa tairi:
ukiuona ukingo wake wa nje, tairi hilo limekuaga.
Asubuhi kagua chini, pale gari lilipolala.
Doa jeusi, oili.
Doa la waridi au kijani, lenye harufu ya utamu,
ni maji ya rejeta.
"Paka akilamba, anakufa," akasema,
kisha akanyamaza,
nami sikuuliza paka wa nani.

Nikampa methali ya kwetu,
usipoziba ufa utajenga ukuta,
nikamfasiria neno kwa neno, taulo mkononi.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Ufa wako pauni tisini," akasema.
"Ukingoja, diski nazo: mia mbili na nusu.
Ukingoja tena…"
Akageuza uso dirishani,
kule mteremko unakokutana na lango la shule.

Fundi Tanveer akaitoa pedi ya kushoto,
akainyanyua kwenye mwanga:
nyembamba kama kucha.
"Nani alikwambia kushoto zaidi?"
Mgonjwa wangu.
"Aliliona gari?"
Hajawahi.
Tanveer akaiweka pedi ile juu ya kaunta, taratibu,
kama kitu cha mtu.

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi,
giza bado, mvua ile isiyoamua kunyesha,
nikateremka mteremko mzima bila kilio.
Redio nimeizima. Nasikia wipa,
nasikia maji yakipasuka chini ya tairi,
nasikia hata pumzi yangu.
Nikapanda ngazi nikitabasamu.

Nikamkuta amenuna, uso ukutani.
"Sikukusikia," akasema.
"Nimelala hapa nikijua huji."

Chai yake ikapoa. Dawa akameza bila neno.

Honi hairuhusiwi hapa kabla ya saa moja,
ndiyo sheria, na majirani wana watoto.
Basi siku hizi nikifika
naufunga mlango wa gari,
naufungua,
naufunga tena, kwa nguvu,
halafu nasimama kidogo kwenye mvua.

Na kutoka juu, kupitia ufa wa dirisha:
"Keri! Bawaba hiyo inataka grisi."